Tuta la reli iliyokufa lisikatwe vipande

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu matuta ya reli za zamani, yaani udongo ulioinuliwa ili kulaza reli juu yake, ambayo hayapitishi treni tena. Kila yanapotajwa, watu hugawanyika makundi mawili: wanaotaka reli ifufuliwe hata kama hakuna mzigo wa kubeba, na wanaotaka eneo lipimwe viwanja. Ipo njia ya tatu, na Marekani wameifanyia kazi kwa zaidi ya nusu karne. Tuta linaachwa zima, linakabidhiwa kwa mamlaka moja, na wananchi wanalitumia kwa miguu, kwa baiskeli, kwa viti vya magurudumu, penginepo hata kwa farasi. Siku reli ikihitajika tena, ardhi ipo.

Niweke wazi kwamba siigusi reli ya kati ya zamani wala ile ya kwenda Tanga na Moshi. Hizo ni reli hai, na mtu haruhusiwi kuzigeuza njia ya miguu. Nazungumzia njia kama ile ya kusini iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Nazungumzia pia kijireli cha Wajerumani cha kutoka Tengeni kupanda Sigi, mkoani Tanga, kilichokuwa kikishusha mbao za Usambara. Pale Sigi nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, na leo ni kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi ya Amani. Nyumba tunayo. Swali ni nani anajua mipaka ya tuta lililofika mlangoni pake.

Mfano ninaouona unafaa kuliko yote ni njia ya Great Allegheny Passage, inayotoka Cumberland katika jimbo la Maryland hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Ina urefu wa kilomita 240 hivi. Sehemu kubwa imelala juu ya tuta la reli ya Western Maryland, kipande kilichoachwa mwaka 1975. Njia inavuka mgongo wa milima kwenye mwinuko wa mita 729, na mwendesha baiskeli wa kawaida anaupanda bila kushuka kusukuma. Sababu ni kwamba treni ya mizigo haiwezi mlima mkali. Wahandisi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde mpaka mpando ukabaki chini ya mita 2 kwa kila mita 100. Kutoka Cumberland hadi kileleni ni kilomita 38 hivi za kupanda taratibu namna hiyo, na upande wa pili mteremko ni mdogo zaidi, chini ya mita 1 kwa mita 100. Hakuna halmashauri yenye bajeti ya kuchonga njia ya aina hiyo upya leo. Anayelikata tuta anatupa kazi ya udongo iliyokwisha kulipiwa na kizazi kingine.

Sasa tazameni muda uliotumika. Kipande cha kwanza, pale Ohiopyle, kilifunguliwa mwaka 1986 kikiwa na kilomita 14 na kitu. Njia nzima ilikamilika mwaka 2013. Ni miaka 27, na sehemu kubwa ya muda huo haikupotea kwenye kushindilia kokoto, ilipotea kwenye kutafuta ardhi. Kipande cha mwisho karibu na Pittsburgh, kisichozidi kilomita 2, kilikwamisha watu kwa miaka mingi wakati kilomita nyingine karibu zote zilikuwa tayari, kwa sababu kilibanwa kati ya reli inayofanya kazi na eneo la biashara la bustani ya maji. Kipande kimoja kikipotea, aliyekuja na baiskeli analazimika kuingia barabara kuu pamoja na malori, na mtu mwenye watoto harudi tena.

Ndiyo maana Wamarekani walitunga sheria. Mwaka 1983 Bunge lao lilirekebisha sheria ya njia za taifa ya mwaka 1968, ili kampuni ya reli inayotaka kuacha njia iweze kuikabidhi kwa serikali ya mtaa au kwa chama, badala ya kuifuta. Anayekabidhiwa anabeba kodi, matunzo na dhima ya ajali. Kwa upande wake sheria inaihesabu njia kama bado ni ya reli, iliyowekwa akiba. Bila kifungu hicho, katika majimbo mengi haki ya kupita iliyotolewa kwa ajili ya reli ingekufa mara reli inapoachwa rasmi, na ardhi kurudi kwa wenye mashamba ya pembeni. Wenye mashamba walikwenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo katika kesi ya Preseault, ingawa ilisema pia kwamba aliyepoteza haki yake anaweza kudai fidia. Naona hilo ni la haki. Mtu aliyeishi kwa kuamini shamba litarudi kwake asilipwe kwa hotuba.

Kwetu upande wa sheria ni mwepesi zaidi, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ugumu wetu ni wa uvamizi wa kimyakimya: leo bustani ya mchicha, kesho kibanda, keshokutwa msingi wa nyumba, halafu baada ya miaka 20 inakuja alama ya X nyekundu ukutani na kilio. Bikoni, yaani alama za mipaka, zikiwekwa mapema na njia ikiwa na watu wanaoitumia kila siku, uvamizi unaonekana ukiwa bado bustani ya mchicha.

Nije kwenye ujenzi, maana hapo ndipo fedha nyingi huharibika kwa haraka.

Kitu cha kwanza si sakafu, ni maji. Tuta la reli lina makalavati, yaani mifereji ya kupitisha maji chini yake, mengi kuliko mtu anavyodhani, mengine ya mawe, mengine ya bomba, na mengi yamefunikwa na majani kiasi kwamba hata wenyeji hawayajui. Treni zilipokuwa zikipita, gengi la reli lilikuwa likiyazibua kila msimu. Gengi likiondoka, tope linaziba mdomo wa juu, maji ya mvua yanasimama nyuma ya tuta, na tuta linageuka bwawa ambalo halikujengwa kuwa bwawa. Udongo unaloa hadi ndani, kisha siku moja upande wa chini unaporomoka. Dalili zinaonekana kabla: majani mabichi kwenye mguu wa tuta wakati wa kiangazi, miti iliyoinama kuelekea chini, na ufa mrefu unaofuata ukingo wa juu. Ukiona ufa huo, usiujaze udongo na kuondoka. Tafuta kalavati lililoziba, lizibue kuanzia mdomo wa chini kwenda juu, acha maji yatoke polepole, ndipo uzungumzie ukarabati.

Mahali ambapo reli imepita kwenye kilima kilichokatwa, shida ni kinyume chake: maji yanakuja kutoka pande zote mbili na hayana pa kwenda. Mitaro ya pande zote mbili ichimbwe mpaka kina chake kiwe sentimita 30 hadi 45 chini ya uso wa njia, na juu ya ukingo wa kilima uwekwe mtaro mwingine wa kukinga maji ya mashamba yasishuke. Mitaro isiyo na kina na mifinyu ndiyo inayozaa matope yanayowafanya watu wasuse njia.

Jimbo la Missouri walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Njia yao ya Katy, kilomita 386 hivi juu ya tuta la reli ya Missouri-Kansas-Texas, inafuata mto Missouri kwa masafa marefu. Mafuriko ya mwaka 1986 ndiyo yaliyoifanya kampuni iachane na reli hiyo. Njia ya watu ikaanza kufunguliwa mwaka 1990, na mwaka 1993 mafuriko mengine yakaharibu sehemu kubwa ya kazi mpya. Wanaokumbuka mto Mkondoa ulivyokuwa ukiisomba reli ya Kilosa na Gulwe wanaelewa. Reli iliyojengwa bondeni ilifuata bonde kwa sababu ndiko kulikokuwa tambarare, na mto utalidai bonde lake wakati wowote. Kwenye vipande hivyo sakafu iwe ya bei nafuu, inayorudishika kwa greda na tipa chache, si ya zege.

Sakafu yenyewe sasa. Vyuma vikishaondoka, kokoto za reli ziachwe pale pale. Najua zinatamaniwa na wajenzi, lakini ndizo msingi na ndizo zinazopitisha maji yasikae chini ya njia. Zikiondolewa, unabaki na udongo mtupu na kazi inaanza upya. Zisawazishwe kwa greda, zishindiliwe, na juu yake iwekwe tabaka la kokoto ndogo za milimita 20 lenye unene wa sentimita 5 ili kuziba mianya. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ukimwaga vumbi la mawe moja kwa moja juu ya kokoto za reli, mvua ya kwanza inalizamisha lote katikati ya mawe, na baada ya msimu mmoja unatazama tena kokoto zile zile ulizozifunika. Pale penye udongo mlaini, kitambaa maalumu cha kutenganisha tabaka kitandikwe chini ya kila kitu.

Juu kabisa ni mchanganyiko wa mawe ya chokaa yaliyosagwa, kuanzia punje za milimita 10 hadi vumbi lenyewe. Ndiyo sakafu ya Great Allegheny na ndiyo ya Katy. Siri iko kwenye vumbi. Mchanganyiko ukiloweshwa kidogo na kushindiliwa, vumbi la chokaa linagandamana na kuwa gumu kiasi kwamba tairi jembamba na kiti cha magurudumu vinapita bila kuzama. Machimbo mengine yatakuletea kokoto safi zilizochujwa na kuoshwa, zinazopendeza kwa macho. Zikataeni. Hizo hazishikani kamwe, na kuzipanda kwa baiskeli ni kama kuendesha juu ya punje za mahindi zilizoanikwa. Kipimo cha mkononi ni hiki: chukua konzi moja ya mchanganyiko, inyunyizie maji kidogo, ifinye, kisha fungua mkono. Ikibaki donge, inafaa. Ikimwagika, haina vumbi la kutosha. Ikikunatia vidoleni kama unga uliokandwa, ina udongo wa mfinyanzi, na wakati wa masika itakuwa utelezi. Changarawe zetu nyekundu nyingi zina tatizo hilo la mwisho. Tanga na Mtwara zina mawe ya chokaa, viwanda vya saruji haviko pale kwa bahati, kwa hiyo mali inapatikana karibu.

Hesabu yake si ngumu. Njia ya upana wa mita 3, tabaka la sentimita 10 likiwa limeshashindiliwa, inataka mita za ujazo 300 kwa kilomita moja. Mali ikiwa haijashindiliwa ongeza robo, unapata mita za ujazo 375, yaani tipa 25 zenye uwezo wa mita za ujazo 15 kila moja. Mkandarasi akileta tipa 15 na kusema kilomita imekwisha, upana au unene umeibwa. Chimbeni shimo dogo kila mita 200 na mpime kwa rula kabla ya kusaini malipo.

Mita 3 ni kiwango cha chini cha watu kupishana, na karibu na mji ifike mita 4. Kila upande ibaki sentimita 60 isiyo na mti, nguzo wala jiwe. Katikati pawe na mgongo mdogo, sentimita 3 juu kuliko kingo zote mbili, ili maji yasitulie. Dimbwi moja linatosha kuanzisha shimo: tairi linarusha vumbi lililolegea, shimo linapanuka, watu wanalikwepa kwa kupita kwenye majani, na ukingo unaanza kumomonyoka.

Mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya reli, yakiwa ya chuma kama reli zetu nyingi zilivyotumia, huwa yameshauzwa kama chuma chakavu muda mrefu. Ya mbao yakipatikana yasichomwe na yasiende jikoni wala kwenye matuta ya mboga, maana yamelowekwa kreosoti, dawa ya kuzuia mbao zisioze, ambayo ni sumu. Marekani hupima pia udongo wa tuta kabla ya kazi, kwa kuwa dawa za kuua majani zilizopuliziwa zamani ziliacha mabaki, yakiwemo ya aseniki, ambayo ni sumu. Palipochafuka sana hufunikwa kwa tabaka la sakafu badala ya kufukuliwa, na vumbi lisitimuliwe ovyo wakati wa kazi.

Madaraja nayasemea kwa uchungu, kwa sababu ndiyo yanayokwenda kwanza. Daraja la chuma lililobeba injini na mabehewa litabeba watembea kwa miguu bila kuhangaika, likikaguliwa kutu na misingi yake. Kulijenga upya kunagharimu kuliko kilomita nyingi za sakafu. Kwenye Great Allegheny lipo daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 582, linalovuka bonde zima. Lingeuzwa kama chuma chakavu, njia ingekoma hapo. Kinachohitajika juu ya daraja la namna hiyo ni sakafu ya mbao na kingo. Mbao zilale kukatisha njia, au kwa mshazari, kamwe zisilale kufuata mwendo, maana tairi la baiskeli litaingia kwenye mwanya na mtu ataruka kichwa mbele. Mwanya kati ya mbao usizidi sentimita 1. Kingo za pembeni ziwe mita 1.1 angalau, na palipo juu sana ziongezwe hadi mita 1.4, kwa kuwa mwendesha baiskeli amekaa juu kuliko mtembea kwa miguu. Na kila daraja liandikwe uzito linaoruhusu, ili dereva wa gari la wagonjwa asilazimike kukisia.

Mahandaki ni habari ya maji kwa mara nyingine. Handaki la Big Savage kwenye Great Allegheny, lenye urefu wa mita 1,004, lilihitaji ukarabati mkubwa kabla watu hawajaruhusiwa kupita, na hadi leo hufungwa kwa milango wakati wa majira ya baridi, kwa sababu maji yanayotiririka ndani huganda na kupasua kuta. Sisi hatuna barafu, lakini tuna popo, giza na utelezi. Taa au onyo la kuja na tochi, mtaro safi pembeni, basi.

Suala litakalotusumbua kuliko Wamarekani ni bodaboda. Njia laini, isiyo na trafiki, iliyonyooka: wataijaza wiki ya kwanza. Wengine watashauri vizuizi vya kubana. Kizuizi kinachozuia pikipiki kinazuia pia kiti cha magurudumu, mama mwenye baiskeli yenye madumu ya maji na mzee aliyefunga gunia la mkaa nyuma, yaani watu hasa wanaostahili njia hii. Nguzo ziwe za kuzuia magari tu: nguzo moja katikati, nafasi ya mita 1.5 kila upande, iwe na rangi ya kuakisi mwanga na iweze kung'olewa kwa ufunguo gari la wagonjwa likija. Msiweke mbili. Zikiwa mbili, uwazi unabaki katikati, na wanaotoka pande zote mbili wanauelekea huo huo na kugongana. Pikipiki zidhibitiwe kwa sheria ndogo za halmashauri, kwa faini na kwa kuwatengenezea madereva barabara yao iliyo sambamba, kwa sababu wanabeba abiria wenye shida za kweli.

Penye makutano na barabara ya magari, njia iigonge barabara kwa pembe mraba, vichaka vifyekwe pande zote, na kibao cha kusimama kimhusu mwenye baiskeli. Treni ilikuwa na haki ya kupita kwanza. Baiskeli haina, na anayesahau hilo anaweza kufa.

Ninaposikia ikisemwa kwamba mambo haya ni ya burudani za wenye nacho, natazama nani anatembea juu ya matuta hayo sasa hivi: wanafunzi, wabeba kuni, wachungaji na mifugo yao, wauza samaki. Miji midogo ya Pennsylvania iliyo kwenye Great Allegheny, kama Confluence na Meyersdale, imepata wageni wanaolala na kula pale, na ni jambo jema. Kwetu faida ya kwanza ingekuwa mtoto kufika shule bila kutembea ukingoni mwa lami. Wageni wa Amani watakuja baadaye, na watakuta njia.

Ombi langu kwa halmashauri zenye matuta haya, za Tanga na za mikoa ya kusini, ni dogo na halihitaji mfadhili. Mpima mmoja na vijana wanne watembee tuta kutoka mwanzo hadi mwisho mwezi Septemba, majani yakiwa yamekauka, wakiwa na kifaa cha GPS cha kurekodi mahali kila kitu kilipo. Kila kalavati waliandikie namba, waeleze ni la mawe au la bomba, limeziba au liko wazi. Kila daraja walipige picha kwa chini. Kila shamba na kila nyumba iliyoingia kwenye eneo iandikwe pamoja na jina la mwenyewe na mwaka aliofika, ili atakayestahili fidia ajulikane kabla ya tinga kufika. Ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji ambacho tuta linapita, na makalavati yaliyoziba yazibuliwe kabla mvua hazijaanza.

Wako,
Msomaji na fundi wa barabara za vijijini,
Muheza.